Mateka wa Mtani

Je, siku ile baba alishindwa na utani, au aliutumia apate njia ya kukubali? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimevuka miaka arobaini, na bado sina jibu.

Tulikaa Mtoni, enzi za Mwingereza. Baba, Mzaramo na Mwislamu, alikuwa seremala. Rafu zote za duka la Mhindi wa barabara ya Kilwa alizitengeneza yeye. Mhindi yule, Mshia, aliwasomesha binti zake katika shule iliyojengwa na jamaa zake wenyewe. Shule iliyokuwa karibu nasi ilikuwa ya misheni, na baba aliamini kwamba mtoto akiandikwa pale basi amekwisha kubatizwa. Nilikuwa na miaka minane, nikiililia shule hiyo kila siku.

Jirani yetu, Mnyamwezi Mkristo, alikuwa karani mjini. Tulimwona tajiri. Kumbe mwenyewe alikwenda kazini viatu mkononi, soli zisiishe, na karani wa Kihindi aliyekaa naye meza moja, kazi ile ile, alilipwa zaidi kwa asili yake tu.

Jioni moja jirani huyo alinikuta uani nalia. Akanishika mkono, akamgeukia baba.

"Mzaramo! Huyu nimemteka!"

Ndio utani wa makabila yetu: mtani akiteka chako, utakikomboa au utakiacha, na kukasirika ni aibu.

"Mrudishe, mpagazi we!" baba akacheka.

"Nipe jogoo. Huna, kesho namtia shule."

Kicheko kikakatika. "Mkambatize?"

"Mimi nilibatizwa, na natembea peku! Kinachonilisha ni kalamu, mcheza ngoma we, si yale maji. Na hiyo kalamu yenyewe hainilipi kama Mhindi. Wewe je, binti yako umemwekea nini?"

Nyuma ya baba jogoo wetu alikuwa akichakura mchanga, nasi sote tukimwona.

"Sina jogoo," alisema.

Mama aliinama juu ya chungu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Asubuhi baba hakumngoja mtani. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akanipeleka mwenyewe hadi mbele ya mwalimu.

"Mwandike," alisema, "kwa jina nililompa mimi."

Mwalimu akachovya kalamu, akaliandika.