Mabakuli Sita ya Panakota

Mama mkwe wangu alikuwa hali chakula kwangu. Miaka mitatu ya ndoa, kila akija Kibaha kutoka Chole, kule Kisarawe, anasema amefunga. Jumatatu amefunga, Jumamosi amefunga; mtu angedhani Ramadhani haiishi nyumbani kwangu. Sababu niliijua na iliniuma. Nilisilimu wiki moja kabla ya ndoa, na yeye hakuwa na imani na sufuria zangu.

Kwa hiyo mume wangu aliponiambia safari hii mama atakula, ila meno yanamsumbua, anaomba kitu laini, nikajitia kimbelembele. Ningeweza kupika uji wa mchele yakaisha. Lakini mimi ni mpishi wa hoteli huko Dar, nikataka kumwonyesha. Nikaamua panakota, ile krimu ya Kiitaliano inayogandishwa kwenye friji. Alfajiri nilipasha maziwa na krimu kwa moto mdogo, nikatia sukari na vanila. Nikaloweka jelatini ya kugandishia kwenye maji baridi, nikaikamua, nikaikoroga humo mpaka ikayeyuka. Jelatini nilipewa na mwenzangu wa kazini, vipande vyembamba vinavyong'aa, kavifunga kwenye karatasi tupu. Nikajaza mabakuli sita.

Saa nne mume wangu akapiga simu, mama keshapita Mlandizi, naye anakwenda kumpokea stendi. Nikafungua friji, nikatikisa bakuli moja. Limeganda vizuri, linatetemeka kidogo tu. Hapo ndipo akili ikanirudi. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa. Ya mnyama gani? Miaka yote ile jikoni sikuwahi kuuliza.

Nilimpigia yule mwenzangu mara tatu, hapokei. Ya nne akapokea, akanijibu bila wasiwasi wowote kwamba ya ng'ombe ina kopo lake, ile aliyonifungia ni ya nguruwe.

Nilikaa sakafuni. Na mimi nilikuwa nimeshaonja, kijiko kizima! Nisiseme uongo, shetani alinijia na hoja nzuri kabisa: nani atajua? Nikimwambia, nimethibitisha kila alichokuwa akikidhania. Nikimwaga na kunyamaza, atauliza kiko wapi alichoahidiwa. Nilikuwa bado naipima hiyo hoja niliposikia hodi.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavua viatu, akaketi mkekani. Akasema leo hakufunga, na hicho kitu laini kiletwe, maana mwanawe kakisifia njia nzima. Mume wangu akaenda mwenyewe kwenye friji, akamwekea bakuli mkononi. Mama akashika kijiko.

"Mama, usile," nikasema. "Kina kitu cha nguruwe. Nimejua sasa hivi."

Mume wangu akaniangalia kama hanijui. Mama mkwe akaweka bakuli chini, taratibu.

"Ungenyamaza, ningejuaje?"

"Usingejua, mama."

Akainuka, nami nikajua anafuata viatu vyake, ndoa yangu nikaiona inatoka naye mlangoni. Kweli alivaa viatu. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaniambia nibebe mabakuli yote, na sufuria, na mwiko, nimfuate uani.

Tukamwaga panakota yote shimoni. Akachota udongo kwa mkono wake, akanionyesha jinsi ya kuosha najisi ile: mara saba, moja kwa udongo. Alikuwa akihesabu kwa sauti, nikikosea ananirudisha mwanzo. Jua lilituchoma. Mimi nilikuwa nalia na kusugua, aibu imenijaa mpaka shingoni, na yeye hakunibembeleza hata kidogo.

Tulipomaliza akauliza ndani kumebaki nini. Nikasema kuna kiporo cha wali na maharage ya nazi, nilichopika jana, si cha mgeni.

"Lete," akasema. "Njaa inaniuma tangu Chole."

Nikapasha moto, nikatoa sahani mpya ya kabatini. Akaikataa. Akachukua bakuli mojawapo kati ya yale sita, bado linachuruzika maji, akapakua mwenyewe, akala.