Kitenge Kilichofunika Mashini

Mke wangu nilimwambia nusu ya mkasa huu, ile nusu ya kuchekesha. Ile nyingine nimeificha kwa aibu miaka yote, na leo nawaambia ninyi kwa sababu Mama Kapinga amekwisha kwenda kwa Mungu na mimi bado ninamwona.

Ilikuwa enzi ya Chama kimoja, suti ya abakosti mwilini, tai marufuku, beji ya Rais kifuani, na kila mtu ni sitwayeni, yaani raia, si bwana wala bibi. Nilikuwa ofisini kwenye kampuni ya shaba ya serikali, hapa Lubumbashi, na ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja (sisi tuliiita mashini tu), na mwenye mashini nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeisomea wiki mbili tu kule Likasi, lakini nilivyotembea koridoni ungesema nimeizaa mwenyewe.

Siku ya tano, Ijumaa yenu, mwisho wa juma, zikafika disketi kutoka Ulaya za kuipa mashini programu mpya, pamoja na kitabu kidogo cha maelezo. Nikatia mdomoni mwa mashini ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, na kitabu kikasema toa disketi, zima, kisha washa tena uhakikishe. Lakini lori la wafanyakazi wa Ruashi lilikuwa limeanza kupiga honi nje, na nyumbani kulikuwa na bukari na samaki, basi nikajiambia nitahakikisha siku ya kwanza, Jumatatu, asubuhi, nikazima, nikakimbia. Ndugu zangu, mkasa wote uko hapo, kwenye ile honi.

Kesho yake, mimi nikiwa kwenye salongo nafyeka majani ya barabara pamoja na mtaa mzima, chefu wetu Kabwita, mkuu wa ofisi, akapata habari kwamba siku ya kwanza wajumbe wa Chama watakuja kuona maendeleo ya ofisi. Maendeleo yetu yalikuwa ile mashini. Akatafuta kitenge kipya cha Chama, chenye picha ya Rais, akalivika lile sanduku la mashini linalokaa chini ya kioo cha maandishi, akakibana kwa pini huku na huku mpaka uso wa Rais ukawa unatazama watu barabara. Kilipendeza, siwezi kusema uongo.

Siku ya kwanza nikakuta wajumbe wamekwisha kusimama ndani, na kati yao mtu mwembamba mwenye daftari ambaye hakujitambulisha, na mtu asiyejitambulisha enzi hizo ulimtambua mara moja. Chefu akatangaza kwamba fundi wetu huyu atawatolea orodha ya wafanyakazi wote wa mgodi wa Kambove kwa dakika moja. Nikapeleka mkono nyuma ya sanduku (swichi ilikuwa huko, kitenge hakikufika), nikawasha. Chini ya kitenge kitu kikalia krr, krr, halafu kwenye kioo ukatokea mstari mmoja wa Kifaransa, nikausoma mara tatu bila kuelewa hata neno, kumbe ulikuwa unaniambia kila kitu. Woga haujui kusoma.

Nikazima, nikawasha. Krr, krr. Nikachomoa nyaya nikazirudisha, nikaingia chini ya meza na abakosti yangu mpya, makalio yakiwaelekea wajumbe wa Chama, nikasema ni umeme. Chefu akabonyeza taa, taa ikawaka. Mtu akacheka. Ningeinua kitenge tu ningeona, lakini kukiinua ni kung'oa pini kwenye picha ya Rais mbele ya daftari lile, na nani angethubutu? Chefu hakuthubutu, wajumbe hawakuthubutu. Tulisimama wote tukimheshimu, naye akitutazama.

Ndipo mdomo ukaniponza. Nikasema niliiacha nzima kabisa, labda kuna mtu ameigusa. Yule mwembamba akafungua daftari.

"Sabotaji?" akauliza polepole. "Ni nani anaingiaka humu?"

Kulikuwa na villa moja ya watu wa usalama kule mtaa wa Golf, yenye maua mazuri getini. Jirani yangu alipelekwa humo kuulizwa maswali mawili, akarudi baada ya miezi, na hakupenda tena kukaa karibu na mlango. Nikaiona villa ile, nikamwona mke wangu amesimama getini na sahani ya chakula, nikaogopa kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

"Mi na Mama Kapinga," nikasema, "ule mwenye kupangusa."

Nilisema "mi", ndiyo, lakini sauti yote niliitia kwenye jina lake. Na Mama Kapinga alikuwa mjane kutoka Kasai, mwenye watoto, ambaye kila asubuhi aliniwekea chai mezani.

Akaitwa, akaja na kitambaa chake mkononi. Alipoulizwa amegusa nini, akaelekeza kitambaa kwenye mashini.

"Mi nilipangusa tu, papa. Ile kitu ya kaare, ya pembe ine, ilikuwa mu kinywa yake tangu siku ya tano. Nilizani njo pahali inalalaka."

Akapiga magoti, akasema "pardon, papa" (alikiambia kitenge, si sisi), akang'oa pini mbili, akainua ukingo. Disketi yangu ya mwisho ilikuwa palepale nilipoiacha, na ule mstari wa Kifaransa ulikuwa unaniambia niitoe tu. Nikaichomoa, nikabonyeza, mashini ikaamka, orodha ya Kambove ikaanza kutoka, na wajumbe wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wakaniita Fundi wa Likasi, na jina hilo lilinifuata hadi pansheni. Mwembamba peke yake hakucheka.

"Ni nani aliiacha mule?"

Jibu nililijua. Mama Kapinga akanitazama, akangoja kidogo, akaona sisemi.

"Ilibakia tu, papa," akasema. "Bitu binabakiaka."

Daftari likafungwa.

Kesho yake chai yangu ilikuwa mezani kama kawaida. Nikamfuata koridoni kumshukuru, alikuwa ameinama anapangusa, na hakuinua kichwa.

"Jina yangu uliipata mbio, sitwayeni."

Miaka yote alikuwa ameniita papa Ilunga, kama baba yake. Tangu siku ile, mpaka alipoacha kazi, sikuwa tena papa, nilikuwa sitwayeni tu.

Sasa kabla ya kuwasha mashini yoyote napapasa mbele yake kwa kidole, na wajukuu wananicheka kwa sababu hizi mpya hazina mdomo. Waache wacheke. Na kitu kikiharibika nyumbani, mtu akauliza ni nani, nasema "mi", halafu nanyamaza.