Santuri ya Tumba na Lastiki ya Suruali

Kiharusi kilimchukulia mume wangu vitu viwili, mkono wa kulia na maneno. Hivyo tulivizoea. Cha tatu ndicho kilichonishinda: aliacha kutaka. Hakutaka uji, hakutaka kugeuzwa, hakutaka televisheni iwashwe wala izimwe. Alilala akiutazama ukuta wa chumba chetu hapa Mayfair, Johannesburg, ukuta nilioupaka rangi kwa mkono wangu na ninajua hauna cha kutazama. Nilimlisha kwa kijiko cha chai. Nilihesabu vijiko vilivyoingia, nikahesabu na vilivyorudi kidevuni, kisha nikarudia hesabu kwa kuwa huenda nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Nesi wa kliniki alimpima uzito, akaniita nyuma ya pazia. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, kile wanachowawekea wageni. Alisema koo lake ni zima, anaweza kumeza, ni yeye hataki. Akiendelea kupungua watamlaza na kumpitishia mpira wa chakula puani.

"Mtafutie kitu anachokipenda, Mama," akasema. "Chochote kile."

Nikarudi nyumbani nikikipanga kichwani hicho chochote. Wali wa nazi alishaukataa. Chai ya tangawizi aliitema. Nilimwekea mpira wa timu yake ya Dar kwenye simu akafumba macho, ingawa msimu ule, nisimsingizie, hata wazima walikuwa wanafumba.

Ikabaki santuri.

Kabla hatujajuana alikuwa mpiga tumba wa bendi ya dansi Dar es Salaam. Haikuwa bendi ya kutisha. Ilitoa santuri moja, ndogo, ya wimbo mmoja kila upande, na yeye yumo upande wa kwanza. Alikuja nayo Johannesburg ndani ya foronya, katikati ya suruali zake, akaingia kazi ya ulinzi, akalinda mali za watu mpaka mgongo ukakataa. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuwa na mashine ya kuipigia. Kila tukikaribia, karo inatangulia, au kodi. Kwa hiyo mimi, mke wa mpiga tumba, nilikuwa sijawahi kuusikia wimbo wa mume wangu.

Binti yetu, aliyezaliwa hapa na anayenielewa Kiswahili vizuri ila hunijibu kwa Kiingereza, aliutafuta kwenye simu. Alitafuta jina la wimbo, akatafuta jina la bendi.

"Haipo, Mama. Hakuna kitu kama hicho."

"Kipo. Kimo kabatini."

"Basi kabatini hakutusaidii."

Nilipanda teksi hadi Malvern, Mtaa wa Jules, ambako kuna maduka ya vitu vilivyokwisha kutumiwa na watu wawili watatu kabla yako. Katika duka la nne, chini ya mashine ya kukausha nguo, niliiona mashine ya santuri. Haikuwa na mfuniko. Mwenye duka, mzee mwenye sweta mbili, aliichomeka ukutani.

"Inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Taa inawaka."

"Sijaulizia taa."

"Mama, taa ikiwaka, hayo mengine ni juu yako na Mungu."

Nikamwambia haina mfuniko. Akasema mfuniko hauimbi. Nikamwambia upande mmoja umechubuka. Akasema hata yeye. Nikataja nusu ya bei yake, nikageuka kama mtu anayekwenda zake, na sikufika mlangoni akaniita na kukubali. Akanitupia na santuri juu, zawadi, kodiani za Makaburu, jalada lina familia nzima imevaa shati la kitambaa kimoja. Alikubali upesi mno. Nilijua nimepigwa, ila sikujua wapi.

Nilikujua nyumbani. Sahani ya kulazia santuri ilizunguka mara moja na nusu, ikaguna, ikasimama. Nilipoinyanyua nilikuta mkanda wa raba, ule unaotoka kwenye mota na kuivuta sahani, umeyeyuka na kuwa kitu kama lami. Binti akapekua simu: mkanda mpya unaagizwa ng'ambo, unafika baada ya wiki kadhaa. Mume wangu siku hiyo alikuwa ameingiza vijiko vitatu. Wiki kadhaa hatukuwa nazo.

Chumba cha pili katika nyumba yetu anakaa fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi. Nikampelekea ile lami kwenye gazeti.

"Maman, hii mukaba ilikufa," akasema. "Haikufa leo. Ilikufa zamani, tena bila watu ya kulia."

"Unaweza kunishonea mwingine?"

"Mi nashonea wapasta suruali, wenye tumbo mpaka hapa, na haianguke kanisani. Nitashindwa na kamukaba?"

Akaleta futi yake, akapima kuzunguka sahani, akakata lastiki nene ya kiunoni, ile pana ya suruali za wanaume, akaishona pete. Alipitisha uzi mara tatu kwenye kiungo. Tukauvisha. Sahani ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, fundi akapiga makofi mara moja kama mtu aliyeua mbu. Hakutaka hela. Nikampa chapati nne, akanirudishia moja akisema zote nne ni kunipunja.

Amplifaya na spika mbili nilizitoa Fordsburg, kwa kijana mwenye kibanda kwenye lile soko kubwa, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu naye huenda anasoma. Nikaunganisha kila waya na rangi yake, nikaweka santuri ya kodiani maana ile ya kwetu sikutaka kuijaribia mkosi. Ikatoka sauti ya mbu ndani ya kopo. Nikageuza kitufe cha sauti hadi mwisho. Mbu, kopo lile lile.

Nikarudi Fordsburg. Kijana akanieleza kwamba sindano ya santuri inanong'ona tu, amplifaya haiwezi kuisikia mpaka pawepo kiboksi cha katikati cha kuinyanyua sauti. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza jana. Akasema jana sikuuliza. Nikapata kiboksi kwa bei ya chini na yeye akapata maneno yangu bure.

Sasa sauti ikawepo, na ngurumo pia, kama friji imelala ndani ya spika. Nilihangaika nayo asubuhi nzima. Nikabadilisha soketi, nikazisogeza waya, nikaapa. Mwishowe nikauona waya mwembamba wa kijani umening'inia nyuma ya mashine, hauna mwenyewe. Kila nilipougusisha kwenye bati la amplifaya ngurumo ilikatika, nikiuachia inarudi. Nikaufunga kwenye skrubu. Kimya. Kwa muda wa nusu saa hivi nilijiona mhandisi.

Mume wangu hakugeuka. Kodiani zilimpigia kelele mgongoni, zinakwenda mbio kama watu waliofumaniwa, naye yuko na ukuta wake. Nilidhani ndivyo muziki wao ulivyo. Ningejuaje?

Alasiri hiyo akaja jirani yetu, mama wa Kizanzibari ambaye mumewe husali msikiti aliokuwa akisali wangu. Alikuta mawaya yametapakaa kitandani.

"Bibi wee, mgonjwa kama huyu si wa kusomewa Qur'ani?"

"Anasomewa kila siku, dada. Akisomewa anatulia."

"Si ndiyo heri?"

"Ametulia mno. Mimi namtaka atukutike."

Akanitazama vile unavyomtazama mtu ambaye naye ameanza kuugua. Akaweka tende juu ya meza, akamwombea dua nzuri, akaenda zake. Alipotoka nililia kidogo, kwa sababu kama mashine ile isingesaidia sikuwa na kitu kingine. Nilikuwa nimekwisha tafuta. Baada ya santuri kulikuwa na mpira wa puani, na baada ya mpira wa puani sikutaka kuhesabu.

Nikaitoa santuri kwenye foronya. Nikaifuta kwa kanga laini, nikasogeza kitufe cha mwendo kwenye arobaini na tano kama ilivyoandikwa katikati yake. Nikashusha sindano.

Ikachakacha, halafu gita likaingia, halafu wanaume wakaimba kwa sauti nyembamba kama wanafunzi wa chekechea, nami nikafikiri, haya, ndiyo sauti za zamani. Na chini yake, tumba. Nikamwambia kwa sauti, "Huyo hapo. Ndiye wewe huyo."

Akageuza kichwa. Peke yake, bila mkono wangu.

Sitaeleza nilivyojisikia, kwa kuwa hakukudumu. Uso wake ulikunjamana. Akapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Akapiga tena. Kooni mwake ikatoka sauti ambayo sikuijua, ya mtu anayekanyagwa. Niliinua sindano kwa haraka mpaka ikakwaruza. Aliendelea kupiga, pa, pa, pa, macho yake yameikodolea mashine, jasho linamtoka.

Fundi akatokea mlangoni na futi shingoni.

"Maman, muko mnapigana?"

"Ndiyo. Na mimi ndiye ninayepigwa."

"Nimuite nani?"

"Usimwite mtu. Kaa."

Nikaketi sakafuni. Niliamini nimemwua. Nilikuwa nimemchukua mtu aliyekwisha kuukubali ukuta, nikamletea ujana wake chumbani, wakati yeye mkono wa kupigia tumba hana. Mtu gani mwenye akili anafanya hivyo? Nikaanza kupanga jinsi ya kumweleza nesi. Nikapanga na jinsi ya kuwaeleza ndugu zake Dar, ambao tangu mwanzo walisema nimrudishe kwao.

Na mkono wake bado. Pa, pa, pa. Hasira huwa haina mpango. Mimi nimegombana na watu wengi barabarani na najua. Hii ilikuwa na mpango. Kila pigo liliachana na lenzake sawasawa.

Nikasimama nikarudisha sindano. Fundi akasema, "Maman, mwache mzee, atakufa." Wimbo ukaanza tena, mkono wa mume wangu ukapiga, na safari hii nikasikiliza vyote viwili pamoja. Tumba ya kwenye santuri ilikuwa inampita. Pigo lake moja, ile imekwisha toka na kwenda. Yeye hakuongeza mwendo. Alikuwa akinitazama kwa yale macho ya zamani, ya nikimwekea sukari kwenye chai wakati alishasema basi.

"Inakwenda mbio?" nikauliza.

Akafumba macho, akafumbua. Hiyo ndiyo ilikuwa "ndiyo" yetu, na alikuwa ameacha kunipa kwa muda mrefu.

Sikujua cha kufanya, nikafanya la mpumbavu: nikaweka kidole ukingoni mwa sahani, nikaibana kidogo. Sauti za wanaume zikashuka zikawa za watu wazima. Nikabana zaidi, zikalewa. Nikalegeza. Mkono wake ukaendelea, kidole changu kikatafuta, kinapotea, kinapata, mpaka ghafla pigo la godoro na pigo la santuri yakawa pigo moja, na sikuweza tena kusema lipi ni la nani.

Uso wake ukafunguka. Hakucheka. Alikuwa kazini.

Kidole kiliniwaka moto lakini sikukitoa mpaka wimbo ukaisha.

Fundi ndiye aliyeinua sahani, akautazama mkanda wake kwa muda. "Iko munene," akasema polepole. "Ile ya mbele, ile ilikufa, ilikuwa nyembamba. Hii inavuta sana, sahani inakimbia. Eish, Maman, nilikushonea ya pasta." Akaenda kwake akarudi na lastiki nyembamba, ya kofia za kushonea nywele za bandia, anayowashonea wasusi. Tukaijaribu, na mume wangu akapiga godoro kuonyesha bado. Akaikata, akaishona upya. Bado. Mara ya tatu mume wangu akaacha kupiga, akasikiliza, akafumba macho akafumbua. Kiungo cha lastiki kila kinapopita kwenye mota kinatoa mtikisiko mdogo, na hadi leo wimbo wetu una kwikwi. Hilo alitusamehe.

Kesho yake nilileta uji. Akageukia ukuta. Basi nikauweka chini, nikashusha sindano, nikamwachia mistari miwili, nikainyanyua. Akanigeukia kwa ghadhabu.

"Kijiko kimoja, wimbo mmoja," nikamwambia.

Akainua vidole viwili.

"Vijiko viwili?"

Akanyoosha kidole kwenye mashine. Nyimbo mbili.

"Kwa kijiko kimoja cha uji? Bwana, mimi nimeinunua hii Mtaa wa Jules. Usinifundishe bei."

Vidole viwili havikushuka. Basi nikafanya ninavyofanya dukani: nikachukua bakuli, nikageuka, nikaelekea mlangoni bila haraka, nikingoja kuitwa. Nilipofika kizingitini ndipo nilipokumbuka kwamba hana sauti ya kuniitia. Nilisimama pale na uji mkononi, na kurudi siwezi, kwa sababu nikirudi bila kuitwa nimeshindwa, na kuendelea siwezi, kwa sababu ya yule nesi na mpira wake.

Nyuma yangu godoro likalia. Pa.

Nikarudi. "Haya, nyimbo mbili," nikasema, "lakini kijiko kitangulie."

Alifikiri. Kisha akafungua mdomo, uji ukaingia, na haukurudi.