Chipu ya Mwisho Kwenye Kiberiti

Fundi wa redio wa Malaba hakai. Kiti anacho, lakini ni cha kuwekea koti. Yeye huzunguka meza akipuliza vidole, akinong'oneza amri za programu kutoka kwenye karatasi iliyotoboka kwa kufutwafutwa. Adeke amemletea kisanduku kilichoharibika, kile kinachoongoza joto la mashine yake ya kuangulia vifaranga. Mayai ameyaacha nyumbani chini ya blanketi, na yanapoa. Kwenye ganda la kiberiti anamohifadhia chipu imebaki moja ya kizamani, yenye miguu minane. Huandikwa programu mara moja tu, ukikosea, unaitupa.

"Si utumie hizi mpya zinazofutika, boss?"

"Hizo zinasamehe sana, dada," fundi akajibu, akaisoma karatasi mara ya saba.

Nje foleni ya malori ikasogea kidogo, ikasimama. Ghafla fundi akaiandika chipu, akaichomeka kisandukuni, akafunga skrubu, akawasha huku amefumba macho. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka, vilevile alivyotaka. Adeke akashusha pumzi. Fundi alikuwa ameshairudia karatasi, akikwaruza mstari wa tatu.

"Huu ningeufupisha," akasema, mkono ukipapasa bisibisi.

Adeke akakikumbatia kisanduku, akatoka bila kuaga.