Jina Moja, Wanaitika Wawili

Saa tatu asubuhi, Ijumaa. Katika chumba chenye meza nne na feni inayolalamika, fundi wa programu wanayemwita Somo anabonyeza kitufe na kukunja mikono. Mistari inapanda kwenye kioo: asilimia sitini, sabini, sabini na moja. Kisha panatokea maandishi mekundu na kazi yote inakufa.

"Hiyo ya thelathini na nane," anasema, akiongeza alama kwenye daftari.

Karibu na mlango ameketi mwalimu wa shule ya wasioona, fimbo yake magotini. Anasubiri programu inayosoma maandishi kwa sauti. Jumatatu wanafunzi wake ishirini na watatu wana mtihani, na kwa mara ya kwanza wameruhusiwa kusikiliza maswali kwenye kompyuta, kwa vipokea sauti vya masikioni, badala ya kusomewa na mtu. Programu isipokuwa tayari kabla ya saa nane mchana, ruhusa inafutwa.

"Msomaji akichoka, anayefeli ni mwanafunzi," anasema mwalimu. "Mimi mwenyewe yamenikuta."

Programu haiandikwi yote upya. Huazima vipande vilivyoandikwa na wengine, ambavyo mafundi huviita maktaba. Kwa siku mbili Somo ameiweka maktaba mpya ya sauti, ameiondoa, ameiweka tena, na ujenzi unakwama palepale. Mwezi uliopita jirani yake wa meza aliamua kuifuta maktaba ya zamani, kompyuta nzima ikagoma kuwaka. Hadi leo wanamwita Zima.

Saa nne na nusu simu inalia. Ni bibi yake, ambaye wanachangia jina, na ndiye aliyeleta lakabu hii ofisini kwa kupiga kila siku na kusema, "Nipeni somo yangu."

"Somo, wa posta kapiga hapa nyumbani, kataja jina, nikaitika. Kwenda, kumbe kifurushi chako. Sasa ningefanyaje? Mimi ndiye niliyekuwa karibu na simu."

Fundi anatazama tena jina la maktaba kwenye kioo. Anamuaga bibi, anaandika amri ya kuuliza ni maktaba ipi hasa inayoitika. Ni ile ya zamani, iliyokuja na kompyuta. Zote mbili zina jina moja, na ya zamani ndiyo iliyo karibu.

"Siku mbili naleta mgeni yuleyule, kumbe anayeitika ni mwingine," anasema, akicheka huku machozi yakimlenga.

Ya zamani haigusi. "Bibi hafukuzwi nyumbani eti mjukuu kafika." Anaandika njia kamili ya kuifikia mpya, anasafisha mabaki ya majaribio, anabonyeza.

Sabini na moja. Sabini na mbili. Zima amepanda juu ya kiti. Tisini. Mia. Chumba kizima kinapiga makofi, na mwandishi wa habari hizi naye hakubaki nyuma.

Saa sita kasoro robo spika inatoa sauti kavu: "Swali la kwanza."

Mwalimu anasimama, fimbo inaanguka, wala haitafuti. "Irudie," anasema. Inarudia. Anaomba tena, na tena.

"Haichoki," anasema taratibu.

Jumatatu Somo ameomba ruhusa ya nusu siku. Anapanga kusimama nje ya dirisha la chumba cha mtihani, ambako miaka yote zilisikika sauti za wasomaji wakikimbizana na saa.

"Nataka nisikie kimya," anasema.