Wimbo Niliokataa Kuukata

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa projekta, shuka nyeupe na onyo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Homa Bay, na mkubwa wangu alikuwa Afisa wa Habari wa Wilaya, mtu wa tai nyembamba na sauti nene. Alinionyesha namna ya kupitisha filamu kwenye magurudumu yenye meno, kisha akagonga kifuniko cha taa kwa kalamu.

"Msichana, sikiza vizuri. Filamu ya serikali haisimami. Ikianza, inaenda mpaka mwisho. Hata mbunge akiingia, haisimami."

Alikuwa na sababu. Taa ya projekta ilikuwa kali, na picha ikisimama mbele yake kidogo tu huanza kutoa malengelenge, halafu inatoboka. Nilielewa. Lakini wiki hiyohiyo gari la sinema lilitupeleka Rusinga kuonyesha filamu ya kilimo cha pamba, na humo ndani mlikuwa na muziki wa orutu, lile zeze la uzi mmoja. Muziki ulipoanza tu, mzee mmoja akainuka, akasimama mbele ya shuka na kunyoosha mkono. "Chung thum!" Simamisha muziki.

Hapa niwaeleze ninyi mliokulia kwenye simu. Kwetu, mpigaji akiwa katikati ya wimbo, mtu yeyote aliyehudhuria anaweza kumsimamisha ili ajisifu, au amsifu rafiki yake. Tunaita pakruok. Mpigaji huinua upinde hewani akangoja. Aliyemsimamisha anajitaja ni mtoto wa wapi na amefanya nini duniani, anamtunza mpigaji kwa pesa kidogo, kisha anasema endelea. Mpigaji hana ruhusa ya kukataa, wala hataki kukataa. Anayepiga sherehe nzima bila kusimamishwa hurudi nyumbani amenuna, maana anajua hakuna aliyemsikiliza.

Basi nikazima projekta. Sikubabaika, nilijua ninachofanya. Mzee akajisifu kwa raha zake, akawataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi, na nyuma yake shamba la pamba likatoboka tundu kubwa, kwa sababu taa ilikuwa bado inawaka na mimi sikukumbuka kuwa ina swichi yake peke yake. Watu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya filamu.

Kesho yake afisa alinisimamisha mbele ya meza yake.

"Umechoma mali ya serikali kwa ajili ya mzee mmoja!"

"Alisema nisimamishe, bwana."

"Yeye ni nani asimamishe?"

Swali hilo lilinikera kuliko kelele zake zote. Nilihamishiwa Migori, na kila mtu ofisini alijua kuwa uhamisho ule ni adhabu. Mimi niliuchukua kama likizo.

Migori ndiko nilikokutana na video. Idara ilituletea mashine ya kuchezea kanda na kamera moja ya begani, nzito kama debe la maji. Kwenye mashine ile palikuwa na kitufe cha kusimamisha picha bila kuichoma. Ukikibonyeza picha inaganda, inatetemeka kidogo, na baada ya dakika chache mashine inajiachilia yenyewe ili kanda isilike. Nilikipenda kitufe kile kuliko vyote. Nikazunguka na kamera masokoni, nikarekodi harusi, matanga, mikutano ya chifu na wapiga orutu, mpaka habari zangu zikawafikia watu wa ufadhili. Wakanipeleka chuo kikuu, Uingereza, katika mji ambao jua lake lilikuwa la mapambo tu. Kozi iliitwa Sanaa na Vyombo vya Habari katika Jamii.

Siku ya kwanza darasani mwenzangu mmoja aliniuliza kwa upole kama kwetu kuna televisheni. Nikamjibu ipo, nikamuuliza kwa upole uleule kama kwao kuna jua. Tangu hapo tukawa marafiki. Walimu ndio walikuwa shida zaidi. Kila semina, mazungumzo yakifika mahali pagumu, mtu alinigeukia: na Afrika wanaonaje? Mimi ni nyar Rangwe, binti wa Rangwe. Hata Rangwe yenyewe haikunituma kuisemea. Niliwaambia hivyo, na wakaandika kwenye madaftari yao kana kwamba nimetoa nadharia.

Lakini nilisoma, na nilisoma sana. Tulifundishwa kuhusu hadhira, yaani wale watu upande wa pili wa picha. Wasomi wa zamani waliwaona kama mtungi, unamimina nao wanapokea. Wasomi wapya walisema hapana, mtazamaji naye anajibu, ila anajibu kimoyomoyo. Nilicheka peke yangu. Nilimkumbuka yule mzee wa Rusinga na ng'ombe wake.

Kwa filamu ya kumalizia masomo nilirudi nyumbani, nikaenda Awendo, kwenye sherehe ya kikundi kimoja cha akina mama. Mpigaji alikuwa Jaduong' Ogweno, mzee aliyekuwa mkata miwa kabla mgongo haujamkatalia. Alipiga orutu mchana kutwa, na watu wakamsimamisha kama ilivyo desturi: mwalimu, dereva wa trela la miwa, mwenye duka la nguo. Halafu akasimama Mama Dorsila. Mumewe alikuwa amefariki, na ukoo ulikuwa umemchagulia shemeji wa kumrithi, naye akakataa. Miaka ile watu walikuwa wanakufa na ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja, na mjane aliyekataa kurithiwa alinyamaziwa kisimani na sokoni. Pale Awendo palikuwa na wafanyakazi wa miwa kutoka kila upande, Wakuria, Wakisii, Waluhya. Ili asikose kusikika na yeyote, alisema kwa Kiswahili.

"Simamisha! Mimi ndio Dorsila, nyar Kanyada. Walinitafutia bwana, nikawaambia sitaki, na bado sitaki. Nyumba yangu nimeezeka mwenyewe. Mabati inang'aa mpaka mwewe anapita mbali! Haya, baba, endelea."

Ogweno akashusha upinde. Kamera yangu ilibaki imemwelekea Mama Dorsila, si mpigaji.

Nilirudi chuoni nikaanza kuhariri. Siku zile hakukuwa na kompyuta ya kazi hiyo kwetu wanafunzi. Ulikuwa na mashine mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi, nawe unachagua kipande baada ya kipande. Msimamizi wangu, Profesa, mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, alitazama yote kwa makini. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Aliniletea supu nilipougua. Lakini alisema:

"Wimbo ni mzuri mno. Shida ni hawa wanaoukatiza. Waondoe, tupate wimbo wenyewe."

"Profesa, huo ndio wimbo wenyewe."

"Mtazamaji atachoka. Na yule mama, kwa mfano. Anasimama, tunapoteza mdundo kabisa."

"Yule mama ndiye sababu ya filamu."

Alivua miwani. "Ukiileta hivi mbele ya watahini, sitaweza kukutetea. Utarudi kwenu bila shahada. Kata."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, naomba mnielewe. Niliajiriwa na serikali, nilikuwa nje kwa likizo ya masomo, na ningerudi mikono mitupu yule afisa wa tai nyembamba angenipokea kwa tabasamu. Mama yangu alikuwa amekwisha kulitangazia kanisa zima. Nikaketi mbele ya mashine nikaunganisha wimbo bila watu, nione tu. Uliteleza vizuri. Mdundo haukupotea hata kidogo. Na Mama Dorsila hakuwako duniani.

Nikaifuta kanda ile. Nikapanda ndege ya kurudi nyumbani kwa akiba yangu, na ile filamu ndefu yenye watu wote mkobani.

Mimi na kile kikundi cha akina mama tuliionyesha Awendo, kwa mashine niliyoazima ofisini Migori, mchana, kwenye ukumbi wa soko tuliouziba madirisha kwa magunia. Waliokuwa kwenye sherehe walikuja, na wengi zaidi ambao hawakuwako. Kamera nyingine niliiweka nyuma kwenye stendi ya miguu mitatu, ikiwaangalia wao. Nilisimama kando ya mashine, kidole juu ya kitufe. Orutu ilipoanza kwenye televisheni, nadhani mnajua kilichotokea.

"Chung thum!"

Nikabonyeza. Picha ikaganda, mtu akajisifu, akasema endelea, nikaachia. Mwingine. Mwingine tena. Ogweno mwenyewe alikuwa ameketi mbele, akijiona ameinua upinde kwenye kioo, anacheka mpaka anajifuta macho. Kisha ikafika zamu ya Mama Dorsila kwenye kanda. Alipomaliza tu neno "sitaki", mwanamume mmoja akainuka katikati ya ukumbi. Nilimtambua, nilikuwa nimeonyeshwa siku ya sherehe. Ndiye yule shemeji.

"Simamisha hiyo kitu! Nasema simamisha!"

Nikabonyeza. Ni haki yake, sikuweza kumnyima.

"Huyu mwanamke anaharibia sisi jina, sasa mpaka kwa video? Futa hiyo mahali. Wewe nyar Rangwe, futa, la sivyo hii mashine yako hairudi Migori."

Ukumbi mzima ukanigeukia.  Niliogopa sana. Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, nikamwona Mama Dorsila anatoka nyuma, polepole, anapita kati ya magoti ya watu. Akaja akasimama kando ya televisheni, chini ya sura yake mwenyewe iliyoganda pale, mdomo wazi, mkono juu. Akainua mkono vilevile.

"Shemeji, umesimamisha, umesema, nimesikia. Sasa nimesimamisha mimi. Mimi ndio Dorsila, nyar Kanyada. Hiyo ya kwenye video nilisema mara moja. Leo nasema mara ya pili, na wewe ukiwa hapa unaniangalia. Sitaki. Mabati iko, watoto wako shule, na mimi niko. Nani anataka kufuta, aanze na mimi hapa."

Na hapo, kabla mtu hajajibu, zile dakika za mashine zikaisha. Kitufe kikajiachilia chenyewe. Yule Dorsila wa kwenye kioo akamalizia maneno yake ya mabati na mwewe, na orutu ikalipuka. Ukumbi mzima uliruka juu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka magunia yakaanguka madirishani na jua likaingia. Shemeji aliondoka akipepesuka kati ya watu waliokuwa wanacheza. Mashine yangu ilirudi Migori salama.

Nilipeleka kanda ya ukumbi chuoni pamoja na ile ya kwanza, nikaziunganisha, sikukata kitu. Kwenye mtihani wa mdomo, ambapo watahini wanakuketisha na kukuuliza unachojua, mtahini kutoka chuo kingine aliniuliza, "Filamu hii inaisha lini, ikiwa kila anayeitazama anaweza kuisimamisha?"

"Ikikosa watazamaji," nikasema.

Profesa aliandika kitu, hakuinua kichwa. Alama walizonipa zilitosha kupita, hazikutosha kusifiwa. Alinipa mkono mlangoni akaniambia bado anaamini ilinipasa kukata. Nikamwambia najua. Mpaka leo sijakata.

Nilirudi kazini. Yule afisa alikuwa amekwisha kuhamishwa, kwa hivyo tabasamu lake sikuliona. Nilifanya kazi Homa Bay, nikarudi Migori, nikawafundisha vijana kamera, na kwa kila mmoja somo la kwanza lilikuwa kitufe kile. Niliwaambia: mtu wa kwenye picha alikuwa mtu kabla hamjamrekodi, na mbele ya picha kuna mtu mwingine. Wakubwa wawili, mmoja wa Homa Bay na mmoja wa Uingereza, waliniambia neno lilelile kwa lugha mbili, kwamba kazi nzuri haisimami. Niliwaheshimu wote wawili. Wote wawili walikosea, na sioni kwa nini nilainishe hilo kwa sababu nimezeeka.

Idara iliniaga Migori, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyofungwa riboni. Palikuwa na ratiba, palikuwa na Mkurugenzi, na mwenye kipaza sauti alinikumbusha mapema kuwa mstaafu huzungumza mwisho, baada ya mgeni wa heshima. Ogweno alishakufa, lakini mjukuu wake alikuja na orutu ileile. Mama Dorsila aliketi meza ya tatu, amezeeka, ana fimbo. Kijana akaanza kupiga. Nikainuka.

"Mama, tafadhali," mwenye kipaza sauti akaninong'oneza, "muda umebana, tusikatize muziki."

Nikanyoosha mkono. "Chung thum!"

Upinde ukaenda juu. Mkurugenzi akageuka. Mama Dorsila akaweka fimbo yake chini, apate kupiga makofi.

"Mimi Akinyi, nyar Rangwe," nikasema. "Niliambiwa nikate. Sikukata."

Nikamtunza kijana, nikamwambia aendelee, nikakaa.