Uso Usiokaliwa

Redio ilipotangaza kifo cha Rais, vyerehani kumi na vinane vya kiwanda cha serikali vilinyamaza kwa mpigo. Mafundi wakajifunika mitandio, wakatafuta machozi. Mama Vifungo aliyatafuta yake, hakuyapata. Akabaki kukuna goti.

Miaka ishirini na sita alikuwa ameshona uso wa yule bwana. Kila sikukuu ya taifa yaliletwa majora yenye picha yake, na kila fundi aliijua sheria: uso haukatwi, uso haukaliwi. Gauni lilipangwa mpaka tabasamu liangukie kifuani au mgongoni, kamwe si makalioni. Walitaniana chini chini kwamba mtu mnene, nyuso zikimzunguka mpaka makalioni, atakosa pa kukalia, asimame hadi sikukuu iishe. Mumewe, mkataji wa hapo hapo, siku moja alikunja kitambaa mara mbili kuokoa muda, kama wakataji wote wafanyavyo, mkasi ukapita kwenye jicho la picha. Alifungwa miaka minne. Aliporudi, mpaka anakufa, alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda chooni nyumbani kwake mwenyewe.

Mchana ule msimamizi, yule yule aliyekipeleka kwa wakubwa kipande chenye jicho lile lililokatwa, alileta majora meusi, uso ule ule. Magauni mia mbili ya mazishi. Atakayekataa, alionya, aanze kufungasha, maana nyumba wanazolala ni za kiwanda.

"Shemeji, marehemu hasemwi vibaya," msimamizi akamnong'oneza Mama Vifungo, kana kwamba wamekula sahani moja.

"Sijasema kitu. Nimekutazama tu."

Alishona. Gauni la saba alilitundika ukutani, akarudi nyuma kulikagua. Uso ulikaa katikati ya mgongo, umenyooka, haukuguswa na mshono. Hakukumbuka kuupanga. Mikono yenyewe ilikuwa imemwamkia yule mtu, hata akiwa maiti. Akakimbilia uani, akatapika.

Hakurudi kwenye kiti. Fundi jirani alimfuata mpaka getini, akamsihi avumilie, paa si kitu cha kuchezea.

"Mdogo wangu, kuvumilia naweza," akasema. "Hii mikono ndiyo siiwezi."

Nyumba ilichukuliwa wiki ile ile. Siku hizi anaishi kwa bintiye, na anashona mashuka meupe, yasiyo na uso wa mtu, katika chumba cha nguo cha hospitali ya wilaya.